Bwana Joho Alisomwa kutoka Kulia

Mwaka juzi nilikwenda kwenye soko la vijarida vya katuni vya zamani, katika ukumbi mmoja katikati ya London. Nilimkuta mzee mwenye meza tatu zilizojaa mashujaa, nikamwuliza kama anamfahamu wangu. Nikamweleza: Mwingereza, wa miaka ya vita, karani mdogo katika ofisi ya vitu vilivyosahauliwa kwenye treni, anavaa joho jeusi lenye ukingo wa rangi ya dhahabu. Mzee alifikiri kwa adabu. Akasema enzi zile wachapishaji wadogo walikuwa wengi na karatasi ilikuwa ya shida. Shujaa aliweza kuzaliwa toleo la kwanza na kufa toleo la pili. Lakini huyo wangu, akasema, hajapata kumwona, naye amewaona wote. Pengine nilimwota utotoni.

Nikamwambia sikumwota. Ninaye kabatini kwangu Harrow, karatasi nane, na kila karatasi ina matundu ya sindano ukingoni.

"Matundu ya sindano?"

Nikaanza kumweleza, wateja wakaja, akanigeuzia mgongo. Basi naeleza hapa, na naeleza kwa mpangilio, maana mpangilio ndio uliokuwa kesi yenyewe.

Baba alikuwa na duka la vitambaa Mombasa. Sisi ni Wahindi wa Kigujarati, na duka letu lilikuwa kama maduka mengi ya mtaa ule: mteja ananunua kitambaa ndani, anashonewa nje. Nje barazani alikaa fundi na cherehani yake. Fundi alimwita baba "tajiri", baba alimwita "fundi", na walikuwa wamegombana kila siku kwa miaka kumi na mitano bila kuachana. Ndani ya duka, mbele ya wateja, baba na mama walisema Kigujarati wakitaka kupanga bei bila kusikika. Kiswahili kilikuwa cha kila mtu. Kigujarati kilikuwa cha siri. Jambo hili nitalirudia.

Bidhaa tulizifunga kwa magazeti ya zamani yaliyokuja kutoka Uingereza kwa marobota. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuyafungua, kuyanyoosha na kuyakata. Siku moja, nikiwa na miaka saba, nilikuta katikati ya robota kijarida cha katuni. Jalada lilikuwa limeng'oka, na jina la shujaa likaenda na jalada. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Kiingereza changu kilikuwa bado cha kusoma "paka yuko juu ya mkeka", kwa hiyo nikampelekea fundi.

Fundi hakujua herufi za Kizungu. Lakini kusoma alijua. Alisomeshwa chuo cha Kurani kwa herufi za Kiarabu, na vipimo vya wateja wake aliviandika kwa Kiswahili kwa herufi hizo hizo, kutoka kulia kwenda kushoto. Akafuta mikono, akapokea kile kijarida, akakifungua pale ambapo kwake yeye kila kitabu hufunguliwa: nyuma. Akaweka kidole kwenye picha ya juu, upande wa kulia.

"Haya," akasema. "Chumba cha kwanza." Vile visanduku vya picha aliviita vyumba. "Huyu bwana amesimama juu ya paa, na watu wote wa Landani wampigia makofi. Wewe waliona joho hilo? Ukingo ule si wa mashine."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Bwana Joho. Alianza akiwa juu. Kisha akashuka. Akalikuta basi liko hewani, akalishika kwa mikono miwili na kuliweka barabarani taratibu, na abiria wakaondoka zao kama kwamba hakuna kilichotokea. Ukuta uliokuwa umebomoka ukajijenga mbele yake, tofali kwa tofali. Mji ulipotulia, akaingia chumba kidogo, akavua joho, akalikunja na kulitia ndani ya sanduku la safari. Kisha akaenda kwenye ofisi yenye miavuli na kofia rafuni. Bwana mmoja mnene akamnyooshea kidole. Naye akaketi mezani, akachukua kalamu.

"Basi?" nikauliza.

"Basi. Imekwisha."

"Mbona amekubali, na ana nguvu hivyo?"

"Nani kasema amekubali?" Fundi alikasirika kabisa. "Mtazame mgongo. Huo ni mgongo wa mtu aliyekubali? Yeye ameketi tu."

Nilipofika miaka tisa niliweza kusoma maneno yaliyo ndani ya mapovu yanayotoka vinywani mwa watu. Nikagundua kwamba waliotengeneza kijarida walikusudia kinyume. Karani anatukanwa na mkubwa wake; analikuta joho kwenye sanduku ambalo abiria mwenye nalo hakulirudia; analivaa, anavunja ukuta, anainua basi juu ya mafuriko, anaishia paani akishangiliwa. Nilitoka na habari hiyo hadi barazani. Fundi alikuwa anatia uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba. Nikamwomba anisomee tena. Akasoma, kutoka kulia, nami nikanyamaza. Hadi leo sijui kama ilikuwa heshima au uchoyo. Ninachojua ni kwamba ile hadithi nyingine ilikuwa imejaa wasomaji, na hii ya fundi nilikuwa nayo peke yangu.

Mwaka uliofuata mlango wa Uingereza ulianza kufungwa kwa watu wenye pasi za Kiingereza kama zetu, na mtaa mzima ukaanza kuuza na kufungasha. Mama akasema mtoto anahitaji koti. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyejua koti la London linafananaje, isipokuwa fundi, ambaye alisema anajua vizuri.

"Umelionea wapi?" baba akamwuliza.

Fundi akagonga kile kijarida. "Humu."

"Fundi, mtoto wa kike anahitaji koti. Hilo ni joho la bwana harusi."

"Tajiri, wewe umefika Landani?"

"Sijafika."

"Basi niache mimi niliyewaona watu wake."

"Anayevaa hivyo ni mmoja tu! Wengine wote humo wana makoti ya kawaida."

"Na huyo mmoja ndiye asiyesikia baridi. Yuwasimama juu ya paa na kifua wazi. Hao wengine hebu watazame walivyojikunyata."

Baba alirudi ndani. Fundi akanishonea joho la sufu nyeusi ya suti za wanaume, lenye kola ya kusimama na ukingo wa uzi wa dhahabu. Baina ya sufu na bitana alizitandaza zile karatasi nane na kuzishonea ndani, kwa sababu upepo, alisema, haupiti karatasi. "Ukimbeba mkononi atapotea," akaniambia. "Wewe wapoteza vitu. Huyu asafiri ndani."

Tulifikia Harrow, pembezoni mwa London, vyumba viwili vya juu katika nyumba iliyogandana ubavu na ya jirani. Baba, aliyeendesha duka miaka ishirini, alipata kazi ya ukarani katika ofisi mjini. Kila asubuhi alipanda treni ya Metropolitan akiwa na suti aliyoshonewa na fundi, na kila jioni mama alimwuliza habari za kazini.

"Leo yule kijana aliye mkubwa wangu amenionyesha stepla inavyotumika."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia asante. Kesho labda atanionyesha kiti."

Tulicheka. Nilikuwa na tabia ya kutazama mikono ya watu wakati wanacheka, na mikono ya baba haikucheka.

Shuleni joho langu lilifanya kazi yake siku ya kwanza. Watoto walinizunguka uwanjani. Mmoja aliniuliza farasi nimemwacha wapi. Mwingine akaonyesha ukuta wa choo na kusema, "Ruka basi! Ruka tukuone!"

"Leo upepo si mzuri," nikamjibu.

Nikawajibu hivyo kila siku, majira yote ya baridi, bila kubadilisha neno. Mama alipata koti la kawaida kwa mtu, akanitundikia mlangoni. Sikulivaa. Joho lilikuwa zito na kola ilinikaba, lakini fundi alisema kweli kuhusu karatasi: upepo haukupita.

Mwanzoni mwa majira hayo ilikuja barua kutoka Mombasa, kwa herufi za Kiarabu. Nyumbani kwetu hakuna aliyeweza kuisoma. Baba akaipeleka Edgware Road, akaingia kwenye mkahawa wa Waarabu na kuuliza kwa Kiswahili, kwa sauti, kama yupo mtu wa pwani. Akainuka bwana mmoja wa Kizanzibari, akamsomea barua nzima huku chai yake ikipoa. Fundi aliuliza jambo moja tu: kola imekaa? Bwana yule akamwandikia baba jibu pale pale. Kola imekaa.

Karibu na Krismasi mwalimu wangu alitupa insha: shujaa. Wenzangu waliandika juu ya maamiri na wachezaji mpira. Mimi niliandika juu ya Bwana Joho, kama alivyosomwa barazani, kuanzia paani. Kitu kimoja niliongeza. Yule bwana mnene nilimpa stepla mkononi. Nikamalizia: "Akaketi mezani. Hakukubali. Aliketi tu."

Insha ilirudi na maandishi mekundu mahali pawili. Juu: mtu huyu hayupo. Chini: matukio yamepinduka.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Lakini nyuma ya uwanja kulikuwa na banda la mbao, na humo ndimo walimowekwa watoto waliotoka nchi za nje, wakipaka rangi picha za matunda na kurudia kwa pamoja "hili ni dirisha". Niliuliza, nikahesabu, nikapata jibu: tangu nilipofika, hakuna aliyeingia banda lile akatoka. Na watoto wa bandani hawakufanya mtihani wa majira ya kuchipua, ule ulioamua nani aende shule gani ya sekondari. Mwalimu aliniambia kwamba mtoto asiyeweza kupanga mwanzo na mwisho hayuko tayari kwa darasa lake. Insha yangu ingekwenda kwa mwalimu mkuu, na baba angeitwa kutia saini nihamishiwe bandani. Au niiandike upya. Ukurasa mmoja, shujaa anayejulikana, kuanzia mwanzo.

Nikasema siandiki.

Jioni baba alisoma barua ya shule, akiwa bado amevaa koti la kazini.

"Andika, mama," akaniambia. "Ukurasa mmoja tu."

"Siandiki."

"Umekuja Ulaya kuwa mkaidi?"

"Nilikuwa mkaidi tangu Mombasa."

Mama aligeukia jikoni kuficha kicheko. Nikampa baba insha. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwa yule mnene na stepla yake, akaketi kwenye ngazi.

"Huyu ni wa fundi," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa namsikia kutoka ndani. Nilidhani anabuni."

"Alikuwa anasoma. Alisoma kutoka kulia."

"Na wewe ulijua?"

"Tangu nina miaka tisa."

Akaikunja insha kwa makini, kama anavyokunja kitambaa cha mteja. "Ijumaa nitaomba ruhusa kazini," akasema. "Uje na joho."

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na zulia na picha ya tembo. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo. Alimsalimu baba kwa Kihindi kizuri, akaeleza kwamba alikulia Bara Hindi na kwamba Kigujarati pia anakisikia, ingawa kidogo. Nilimwona baba akibadilika uso. Ulikuwa uso wa duka, ile siku mteja mliyemsengenya kwa Kigujarati anapokujibu kwa Kigujarati. Tangu hapo, ndani ya chumba kile, mimi na baba tulinong'onezana kwa Kiswahili. Kilichokuwa cha kila mtu kikawa cha siri.

Mwalimu wangu alikuwapo pia, ameketi pembeni. Fomu ilikuwa mezani, na kalamu juu yake, ncha ikimtazama baba.

"Hakuna anayemwadhibu," mwalimu mkuu akasema kwa Kiingereza. "Tunataka kumsaidia. Hawezi kupanga matukio. Na amebuni mtu, kisha anashikilia kwamba yupo."

"Anasema wewe mwongo," baba akaniambia.

"Nimesikia."

"Basi mtoe huyo bwana."

Nikaomba mkasi, kwa Kiingereza na kwa adabu. Mwalimu mkuu akanipa wa mezani kwake. Nikavua joho, nikaligeuza, nikaanza kufumua bitana. Mshono wa fundi ulikataa. Baba akainuka, akalishika joho kwa mikono miwili na kulivuta likakaza, kama alivyokuwa akishika jora wakati wa kukata.

"Taratibu," akasema. "Hiyo ni kazi ya mtu."

Karatasi zikatoka moja moja, zimekunjamana na zina joto la mgongo wangu. Nikazipanga mezani, juu ya fomu. Mwalimu mkuu akavaa miwani. Aliinama kwa muda.

"Kumbe yupo," akasema.

"Lakini basi amesoma vibaya," mwalimu wangu akasema. Hakusema kwa ukali. Alikuja mezani na kuonyesha. "Tazama, meza ni ya kwanza. Paa ni la mwisho. Ndivyo nilivyosema."

Hapo ndipo niliposoma. Kwanza nilisoma kutoka kushoto, kila povu, kila neno, pamoja na matusi ya yule mnene, nikageuza karatasi zote nane hadi paani. Sikukwama popote. Kisha nikaanza tena kutoka paani na kurudi, kutoka kulia, bila kusoma povu hata moja, kwa sababu njia hiyo ilikuwa haihitaji maneno ya mtu mwingine. Nilifasiri maneno ya fundi kadiri nilivyoweza. Nilipofika kwenye sanduku la safari baba aliangalia nje ya dirisha.

"Kwa hiyo mpangilio uliujua," mwalimu wangu akasema.

"Niliujua."

"Basi kwa nini uliandika kinyume?"

"Kwa sababu hivyo ndivyo ilivyotokea."

Baba akaichomoa fomu kutoka chini ya karatasi zangu, akaweka kalamu juu yake, akaisukuma taratibu hadi upande wa pili wa meza.

"Sitii saini," akasema.

"Tafadhali, bwana, fikiria kwanza."

"Madamu, mimi ni karani. Najua karatasi isiyo na saini huenda wapi."

"Huenda wapi?"

"Haiendi popote."

Mwalimu mkuu alimtazama, kisha akamtazama mwalimu wangu. Nilikuwa nimeshika mkasi wake bado. Akaunyooshea mkono, nikamrudishia. Akasema nitabaki darasani. Akaongeza kwamba watanitazama kwa makini, na baba akajibu kwamba hilo ni jema, atazamwe mtoto. Majira ya kuchipua nilifanya mtihani pamoja na wenzangu. Ile insha ninayo pamoja na zile karatasi. Wino mwekundu haukufutwa, nami sikuandika upya.

Baba alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku tu, kwa hiyo nilimsindikiza hadi stesheni. Bitana ilikuwa imening'inia nyuma yangu hadi kwenye visigino, karatasi nimezibana kwapani, na bila zile karatasi ndipo nilipoijua baridi ya nchi hii. Tulisimama jukwaani. Baba akatazama saa yake.

"Yule kijana ananisubiri," akasema.

"Leo atakuonyesha nini?"

"Labda mlango unavyofunguka."

Akainama aniweke kola sawa. Akaivuta huku, akaivuta huku, ikarudi palepale ikanikaba.

"Haijakaa," akasema.

"Haijakaa kamwe."

"Tumwandikie?"

"Tumwandikie imekaa."

Treni ikaja. Baba akaingia, akachagua kiti cha dirishani, akaketi, mkoba magotini, mgongo hauegemei popote. Milango ikafungwa. Nikamwona ananitazama, na nyuma yake abiria wengine nao wananitazama, mtoto wa Kihindi mwenye joho lililofumuka. Nikaweka karatasi zangu chini, nikazikanyaga zisipeperuke, nikaona haitoshi, nikaziweka chini ya mkoba wa shule. Kisha nikapanda juu ya benchi la jukwaani, nikaruka.

Nilitua vibaya na goti likachubuka. Lakini bitana ilijaa upepo, nilihisi inavyonivuta mabegani, na nilipoinua kichwa baba alikuwa bado dirishani, anacheka, mikono na yote, hadi treni ilipopinda.